Kaanaeli Mkubwa

Asubuhi ile Bibi Kaanaeli alianza kukata majani ya mgomba, akaacha. Akashika ufagio, akaacha. Mwanawe Anande, aliyeumia mgongo na asiyeweza tena kulima, akamwambia, "Mama, nenda ofisi ya kata. Ukizidi kukaa watasema kweli umekufa."

Kwenye kompyuta alikuwa amekwisha kufa. Mwaka ule serikali iliunganisha mifumo yake, kumbukumbu za vifo zikaanza kusomana na orodha ya kaya maskini, ili ruzuku isiende kwa marehemu. Mfumo ukaona Kaanaeli Mbise wa Nkoaranga amefariki, ukamfuta Kaanaeli Mbise wa Nkoaranga. Haukujua kwamba huku mlimani mjukuu huchukua jina la bibi yake. Aliyefariki ni wajina wake, binti wa Anande, aliyechukuliwa na homa kabla ya Pasaka. Tangu mazishi Bibi alisali na kuimba pambio, lakini kutamka kwamba mtoto amekufa, hakutamka hata mara moja. Na bila ruzuku, wajukuu waliobaki wangelala njaa.

Ofisini alimkuta jirani yake, Mzee Romanus, kwenye foleni.

"Marehemu kaamka mapema! Huko mbinguni kahawa bei gani?"

"Utauliza mwenyewe, safari yako iko karibu."

Watu wakacheka. Bibi hakucheka.

"Shikamoo, bibi," alisema Salwa, afisa wa kata.

"Marahaba. Nirudishe kwenye orodha, mwanangu."

"Mfumo unataka maelezo. Kifo hiki ni cha nani?"

Bibi akakaa, akasimama. Akaenda mlangoni, akautazama Mlima Meru uliojifunika wingu, akarudi.

Salwa akamwonea huruma. "Niandike kwamba taarifa ilikosewa, hakuna aliyekufa? Utarudi leo hii."

Hakuna aliyekufa. Maneno hayo yalimvuta Bibi kama moto siku ya baridi. Akafumba macho, midomo ikicheza.

"Hapana, usifute," akasema. "Ni mjukuu wangu. Nilimwosha kwa mikono hii."

"Basi itabidi taarifa yako iende wilayani, bibi. Itachelewa."

"Iende."

Alipanda njia ya nyumbani karibu akikimbia, kanga ikimdondoka. Anande alikuwa mlangoni.

"Wamekurudisha?"

"Bado." Akamshika mabega. "Mwanao amekufa, Anande."

"Najua, Mama," Anande akasema, na kwa mara ya kwanza wakalia pamoja.