Ng'ombe Aliyeusikia Moyo Wangu

Mwaka wa tisini na nane mke wangu, ambaye ni muuguzi, alipelekwa Rombo, kule mpakani, kushikilia nafasi ya mwenzake aliyekuwa likizo ya uzazi. Miezi mitatu. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi, na tulikuwa tumejenga nyumba yetu ya mabati, vyumba viwili, nyuma kidogo ya mji wa Noonkopir. Aliniachia mabinti wawili, wa miaka tisa na sita, na ng'ombe mmoja mwekundu aliyetoka kuzaa.

Mabinti hawakunisumbua. Ng'ombe ndiye aliyenishinda.

Asubuhi ya kwanza nilifanya kila kitu kama nilivyomwona mke wangu akifanya. Nilimwachia ndama anyonye kidogo, nikamwondoa, nikafunga miguu ya nyuma ya mama yake kwa kamba, nikaosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, nikapaka mafuta. Kisha nikakaa kwenye kigoda na kuanza kukamua. Yalitoka maziwa ya kujaza kikombe, basi. Ng'ombe akageuza shingo, akanitazama kama anayejiuliza mgeni huyu ataondoka lini. Asubuhi ya pili, nusu kikombe. Ya tatu, binti yangu mkubwa alichungulia ndani ya sufuria akauliza, "Baba, hii ni ya paka?"

Ng'ombe huyo tulimnunua kwa jirani yetu, mama wa Kimaasai wa makamo, ambaye naye alimtoa Bisil akiwa mtamba. Nikaenda kwake, nikamsalimu kwa lugha yao.

"Supa, Yeiyo."

"Ipa, Mwalimu."

Nikamwambia ng'ombe ni mgonjwa. Alinifuata hadi kwangu, na aliponiona nimeketi chini ya ng'ombe alicheka mpaka akajifunika mdomo kwa shuka, maana kwao kukamua ni kazi ya kina mama. Akaniondoa kigodani. Akaegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, akaanza kuimba kwa sauti ya chini huku akikamua. Sufuria ikajaa povu.

"Hii ngombe ni mzima," alisema. "Ni wewe iko na shida."

"Mimi niko sawa."

"Mdomo yako iko sawa. Lete mkono."

Nikampa. Akaushika, akauachilia. "Baridi kama chura. Haya, kaa. Weka kichwa hapa kama mimi, halafu unyamaze. Unasikia nini?"

Nikatega sikio. "Tumbo lake linanguruma."

"Na wewe je? Ndani yako unasikia nini?"

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Mwanzoni sikusikia kitu. Halafu nikausikia moyo ukidunda kifuani, ukapanda shingoni, ukafika masikioni, kana kwamba nimetoka mbio tangu barabara kuu. Na mimi nilikuwa nimekaa tu.

"Unakimbia," nikasema.

"Ngombe inasikia. Inajiuliza, huyu anakimbia nini? Iko simba? Basi inafunga maziwa, inangoja simba ipite."

Tulicheka wote. Lakini nilipokuwa nikienda shule niliendelea kuwaza. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimeza vidonge vya tumbo kila wiki ya mitihani na kuyalaumu maharagwe. Mkaguzi akitarajiwa, nilichomwa chini ya mbavu, nikanunua vidonge vingine. Mtu akiniuliza hali, nilijibu niko sawa. Nilikuwa nimelisema neno hilo mara nyingi hata nikaacha kusikia mwili ukinibishia.

Kuanzia siku hiyo nilijikagua mimi kwanza kabla ya kumgusa ng'ombe. Binti mdogo alichuchumaa pembeni akawa msaidizi wangu. "Baba, meno yako yanalia," aliniambia, na kweli nilikuwa nayasaga. Nikalegeza taya. Kesho yake niligundua kwamba vidole vya miguu nilikuwa nimevikunja ndani ya gambuti. Mabega yalikuwa yamepanda karibu na masikio, na pumzi ilikuwa inaishia kifuani bila kufika tumboni. Mikono yangu ilikuwa kwenye kiwele, lakini mwili mzima ulishatangulia kwenye paredi ya asubuhi na ulikuwa umechelewa.

Nikawa naamka mapema zaidi. Nilijaribu kuuamuru moyo utulie, ukazidi kupiga. Basi nikaacha kuuamuru, nikawa nausikiliza tu, jinsi unavyomsikiliza mtoto anayeeleza jambo refu. Nilitoa pumzi polepole, ndefu, mpaka mabega yakashuka yenyewe. Kisha nikaimba nyimbo ambazo mama yangu alikuwa akituimbia kwetu Magharibi wakati wa palizi. Mahali fulani katikati ya wimbo, vidole vilianza kupata joto. Na hapo, bila mimi kuvuta kwa nguvu, maziwa yalishuka. Chwaa, chwaa, chwaa. Wiki ya tatu tulijaza sufuria kubwa, na mabinti wakacheza ngoma kuizunguka.

Mpaka asubuhi moja, mambo yakiwa yanaenda vizuri, maziwa yakakatika ghafla. Nilijikagua. Taya, legevu. Mabega, chini. Mikono ilikuwa ya joto, ingawa kidogo. Nikashuka chini zaidi, na pale juu ya kitovu nikakuta kitu kizito, kama tonge la ugali baridi ulilolimeza bila kutafuna. Haikuwa hofu. Nilikaa nalo kidogo, ndipo nikalitambua: ilikuwa siku ya tisa bila barua kutoka Rombo.

"Ninamkumbuka mama yenu," nikasema kwa sauti.

"Hata sisi," akasema mkubwa, kana kwamba walikuwa wakingoja niseme.

Nililaza kichwa ubavuni mwa ng'ombe nikalia machozi machache, mara ya kwanza mbele ya watoto wangu. Wao wakanikumbatia mgongoni, mmoja kila upande, tukayumba karibu tuanguke kigodani, na kilio kikageuka kicheko. Tonge likayeyuka. Ng'ombe akashusha pumzi ndefu, akaachia yaliyobaki.

Siku hiyohiyo niliandika barua ya kurasa tatu, nikimweleza mke wangu mambo ya kifuani na ya tumboni ambayo sikuwahi kumwambia katika miaka kumi ya ndoa. Jibu lake lilianza hivi: "Huyu anayeniandikia ni nani?"

Alirudi Jumamosi moja asubuhi, wiki nzima kabla ya siku tuliyomtarajia. Nilikuwa nakamua, na jirani yetu alikuwa amepita kumtazama ndama. Nikasikia sauti ya mke wangu langoni ikiita, "Hodi wenyewe!" Moyo ukaruka kwa kishindo hata sikuhitaji kuutafuta. Ng'ombe akashtuka, akarusha mguu, na sufuria ikaenda na maziwa yote.

"Mwalimu!" jirani akapiga makofi. "Sasa moyo inakimbia nini?"

"Haukimbii, Yeiyo," nikasema, nikiwa nimeshasimama. "Unakimbilia."

Alicheka hata akakalia kigoda changu. Mabinti walikuwa wamenitangulia langoni. Mke wangu, begi bado begani, aliwakumbatia, kisha akanishika mikono yangu miwili iliyokuwa imelowa maziwa, akainusa, akaniangalia kwa makini kama anavyowaangalia wagonjwa.

"Umefanywa nini, Baba Watoto? Unang'aa."

"Ingia kwanza unywe chai."

Tukanywa strungi, watu watano kwenye viti vinne, maana hakukubaki hata tone la maziwa. Hakuna aliyelalamika.