Fundi Ambaye Hakuniuliza Kitu

Hii siwezi kuisema kwa mudomo, hata kwa rafiki, kwa hiyo naiandika: mimi ndiye niliyeleta mwizi kwenye parcelle yetu, kiwanja tunachokaa na majirani, mchana mweupe, nikamuonyesha njia mwenyewe, na bado nilikuwa najisifu kwamba najua kuchagua watu.

Asubuhi ile nilikuwa na oral ya Kifaransa, ile sehemu ya kusema ya mutihani wa Serikali, saa tano, na bila kadi huingii hata kama mwalimu anakujua tangu shule ya primaire. Mama alikuwa amekwisha kwenda sokoni kuuza maharagi. Nikafunga chumba, nikaenda kuteka maji, niliporudi nikazungusha funguo kwa haraka ikakatikia ndani ya serrure, kitasa cha mulango, nusu mukononi mwangu, nusu mule, na kadi iko mezani, ndani.

Bon, nikakimbia mpaka soko la Mangobo, kwa mafundi wa funguo. Wa kwanza alikuwa papa mumoja wa miwani, wa polepole, ambaye hata hakugusa mufuko wake wa vyombo. Alianza kuniuliza chumba ni cha nani, mama yangu anaitwa nani, ni nani kwenye parcelle atasimama aseme mimi ni wa pale, na yote hayo mbele ya watu (mimi ambaye darasani nikiitwa jina najificha nyuma ya daftari). "Siwezi kufungua mulango wa mutu nisiyemujua, mama," akaniambia kwa upole. Nikaona ananichukua kwa mwizi, nikaondoka machozi yakiwa karibu.

Hatua kumi mbele kulikuwa na fundi mwingine, kijana wa shati jeupe, pikipiki inang'aa, aliyeniuliza neno moja tu: "Wapi?" Nikamuamini papo hapo. Nikajiambia huyu ana adabu, huyu hachunguzi watu. (Akili ya mutoto wa mwaka wa sita wa secondaire, Mungu wangu.)

Sasa, parcelle yetu ina vyumba vitatu kwa mustari mumoja, milango yote ya kijani kwa sababu mwenye parcelle alinunua ndoo moja ya rangi. Chetu ni cha katikati. Cha kwanza ni cha Papa Diacre, shemasi na mukubwa wa kundi la maombi, ambaye asubuhi ile ile alikuwa ameanza siku tatu za kujifungia na kuomba, bila chakula, bila maji, na wamama wote walikuwa wananyamazisha watoto ili maombi yapande vizuri. Tulipofika, wamama walikuwa wanafua, wakainua macho wote pamoja, mimi nikaona haya, nikaonyesha kwa kidevu tu. Kijana akaenda moja kwa moja kwenye mulango wa kwanza. Niliona. Naapa niliona, lakini mudomo ulikataa, nikafikiri atajionea mwenyewe kwamba hakuna nusu ya funguo mule, kumbe yeye alikuwa anajisifu kwamba hakuna serrure ya Kisangani inayomushinda sekunde kumi, na kweli, hata kumi hazikufika.

Mulango ukafunguka wazi. Papa Diacre alikuwa amekaa kitandani na singlet, sahani magotini, kwanga ya muhogo mukono mumoja, kichwa cha samaki mukono wa pili, mashavu yote mawili yamejaa. Tukaangaliana. Akameza kwanza, ndipo akapiga kelele za mwizi.

Kijana wangu wa adabu akaruka juu ya pikipiki, akaacha bisibisi ikining'inia mulangoni. Nikabaki mimi. Papa Diacre akanishika mukono (na mafuta yake ya samaki), akisema mutoto huyu analetea watumishi wa Mungu wezi, apelekwe kwa chef wa avenue, mukubwa wa mtaa wetu. Saa nne ilikuwa imepita, na mimi kila nikiulizwa natikisa kichwa tu. Ni Mama Faida wa chumba cha tatu aliyeangalia ile sahani kwa muda murefu.

"Papa Diacre, na maombi?"

"Roho amenionyesha nipumzike kidogo."

"Tangu asubuhi hii tu, papa? Na mimi nimepiga mutoto wangu kwa sababu alikohoa?"

Wamama wote wakamugeukia, lakini mukono wangu hakuuachia, ndipo sauti ikanitoka, sijui wapi: "Kadi yangu iko ndani, chumba cha katikati, saa tano ikipita nimeanguka mwaka!" Nadhani hata parcelle ya jirani walisikia. Papa Diacre, mwenye furaha ya kupata kazi nyingine, akapiga mulango wetu bega mara mbili, mulango ukaanguka pamoja na mbao zake.

Nilinyakua kadi mezani, nikakimbia mpaka kituo cha mutihani kule Kabondo nikinuka samaki, nikafika wanaita majina ya mwisho. Na mimi ambaye hutetemeka mpaka sauti inakatika, siku ile nilisema Kifaransa mpaka wakaniambia inatosha, maana mutu aliyeitwa mwizi na avenue nzima haogopi tena watu watatu wenye kalamu.

Mama bado hajanisamehe ule mulango. Nimeapa: fundi akiniuliza hata nyanya yangu alizikwa wapi, nitamujibu, kwa sauti, mbele ya soko zima, kwa sababu yule asiyeuliza mulango ni wa nani atakufungulia wa mutu yeyote. Papa Diacre naye amebadilisha serrure. Ameweka mbili.