Mgomba Uliozikwa kwa Jina Langu

Watu watatu walinikopesha fedha za kwenda kusoma, na wote watatu walisema sitaweza. Mwenye mabwawa ya chumvi alisema mtoto wa mchemsha chumvi akifika Bagamoyo ataona maduka asahau kilichompeleka. Maalim wa chuo cha Kurani alisema herufi nitaziweza lakini hesabu zitanishinda. Shangazi yangu alivua bangili zake za fedha, akanipa nikaziuze, akasema, "Ng'ombe wa maskini hazai. Lakini chukua, nisije nikaambiwa nilikunyima."

Nilisoma Bagamoyo, nikasoma Dar es Salaam, kisha nikachaguliwa kwenda chuo kule Uganda, nchi ambayo kijijini kwetu hakuna aliyejua iko upande gani. Nilirudi na diploma ya ualimu. Nalisema hili bila haya, kwa sababu hakuna aliyenibeba mgongoni. Likizo nilifundisha watoto wa matajiri, jioni niliwaandikia watu barua kwa senti, na nauli ya kurudi nyumbani kutembea niliiweka pamoja na fedha za madeni. Nilitaka kurudi mara moja tu, na nirudi nimekamilika.

Kijiji chetu kiko ng'ambo ya mto Wami, kati ya mikoko na mabwawa ya chumvi. Siku zile masika yakianza mto ulifurika na njia ikafungwa, hatoki mtu wala haingii. Watu waliozoea kufungiwa hujitungia sheria zao. Moja ya sheria zetu ilikuwa hii: mtu akisafiri, yakapita masika matatu bila habari zake, alizikwa. Walikata mgomba wa kimo chake, wakauosha, wakauvika sanda, wakauswalia na kuufukia makaburini kwa jina lake. Walisema asiyezikwa hurandaranda mabwawani akiita watu. Na aliyezikwa akirejea, kaburi lake lilichimbiwa mtu likapewa mgomba, kwa hiyo bado linadai. Atakayeitikia salamu yake, au kupokea kitu kutoka mkononi mwake, ndiye atakayeingia humo.

Wawili walirudi kabla yangu. Wa kwanza alistahimili siku nne za kutosemeshwa, akahamia Zinga, akaoa huko. Wa pili aliingia mikokoni wakati maji yanajaa, na watu walisimama wakimtazama. Hakuna aliyemwita arudi, maana kumwita ni kusema naye. Nilikuwa mtoto, nimesimama kando ya mama yangu. Nilitaka kupiga kelele, naye akaniziba mdomo kwa kiganja mpaka yule mtu hakuonekana tena.

Barua niliandika. Ilikuwa wakati wa vita, zilichelewa, lakini zilifika. Nilipopita posta ya Bagamoyo karani alinitolea kumi na moja, zimefungwa kwa uzi, zote mwandiko wangu. Hakuna aliyekwenda kuziulizia. Kwetu kuulizia barua ya msafiri ilikuwa kuita tanzia, basi walikaa wakingoja habari zivuke mto zenyewe. Nilihesabu masika yaliyopita tangu habari zangu za mwisho kufika kijijini, nikiwa nimesimama pale pale dirishani. Yalikuwa manne. Nikajua nimeshazikwa.

Mwingine angegeuza njia. Mimi niliajiri mchukuzi wa kubeba sanduku langu mpaka mtoni. Mvushaji aliponitambua aliweka upondo wake chini akaenda zake bila neno, nami nikauokota nikajivusha mwenyewe.

Mama sikumkuta nyumbani. Nilimkuta kwenye kibanda cha mwenye chumvi, amekaa kwenye kigoda mbele ya moto wa kuni za mikoko, anakoroga. Mikono yake ilikuwa imepasuka mpaka kwenye viwiko. Nikamwamkia. Hakugeuka, ila mwiko ulisimama. Kisha akasema na sufuria.

"Wewe sufuria, mwambie huyo aliyesimama mlangoni aende zake. Mimi sina mtoto wa pili wa kuzika."

Baadaye aliniwekea muhogo juu ya jani, hatua tatu kutoka nilipokaa. Haukuwa na chumvi, kwa kuwa chakula cha marehemu kwetu hakitiwi chumvi. Niliula wote, mle mle kibandani, chumvi imerundikwa mpaka darini.

Kilichompeleka pale nilielezwa na shangazi, naye alinieleza kwa kuuambia ukuta wa nyumba yake. Siku ya mazishi yangu iliulizwa, kama dini inavyotaka, nani anamdai marehemu. Shangazi alisamehe. Maalim alisamehe. Mwenye chumvi alisema yeye hasamehi, na kama fedha hazipo, mrithi atalipa kwa kazi. Mama yangu alikuwa na mwaka mzima akimchemshia chumvi bila ujira, na siku ya deni kuisha hakuna aliyeijua ila mwenye chumvi.

"Na sasa, ukuta," shangazi akaendelea, "mwulize maiti wetu mbona amenenepa."

Nikauambia ukuta kwamba maiti amekuja na bangili mbili, nzito kuliko zile. Kisha mkono wa shangazi ukatoka dirishani, uso ukiwa umegeukia ndani. Nilimvisha zote mbili. Akaurudisha mkono, akazipima uzito, nikamsikia anacheka peke yake. "Mkono ndio uliopokea," akasema. "Mimi sijaona kitu."

Hapo nikapata mpango, na nasema ni mpango ambao wale wawili wa kabla yangu hawakuufikiria. Wao waliomba waitikiwe salamu. Mimi sikuomba. Nilikuwa na kitu ambacho watu wa kijiji walikitaka kuliko walivyoliogopa kaburi.

Ijumaa asubuhi nilivaa suti ya kitani, ile niliyopokelea diploma, nikaenda kwa maalim na shilingi zake thelathini. Alikuwa ameshasamehe, lakini nilimwambia deni la mtu hai halisamehewi matangani. Aliziangalia muda mrefu. Mwisho akanyoosha mkono, akazipokea. Nikamwuliza kama aliposwalia alijua ni mgomba. Akasema alijua. Nikamwuliza kwa nini basi. Akanijibu kwamba mtu mmoja akikataa mila mbele ya kijiji kizima, watu humtazama yeye kwa jicho la kumtafutia kaburi.

Baada ya swala nilikwenda mabwawani, na watu wakanifuata kwa mbali. Mama alikuwa kibandani akikoroga. Nilisimama mbele ya mwenye chumvi nikahesabu shilingi sitini kwa sauti. Hakunitazama. Akawaambia waliomzunguka, "Ninayemdai alikufa. Mrithi wake yuko kazini. Hakuna neno hapa."

"Basi chagua," nikasema. "Kama niko hai, hizi fedha zako, na mama yangu anatoka kibandani sasa hivi. Kama nimekufa, waambie watu hawa kwamba unaziacha shilingi sitini zilale mchangani."

Nikaziweka juu ya mchanga mweupe, na watu wakazitazama wote. Shangazi akatikisa mkono, bangili zikalia. "Mimi nina zangu tangu juzi," akasema. "Maiti huyu analipa vizuri kuliko nyinyi mlio hai."

Wachache walicheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu maalim alikuwa amesogea mbele. Alisema kwa sauti ndogo, "Niliswalia mgomba. Mungu anisamehe. Na asubuhi nimepokea thelathini kutoka mkononi mwake."

Mwenye chumvi alishika beleshi lake akalinyoosha ili azichote. Nikaziokota kabla halijafika, nikaziweka mimi mwenyewe juu ya beleshi, nikaushika ukingo wake.

"Sema umepokea."

"Nimepokea."

"Kwa nani?"

Watu walirudi nyuma wakamwachia uwanja mkubwa kama wa mgonjwa wa ndui. Akataja jina langu, lote, na la baba yangu. Kisha akaitazama ardhi chini ya miguu yake. Ardhi ilikuwa ardhi. Niseme tu kwamba aliishi mpaka akawa hana meno, na alipokufa nilikuwa mwalimu mkuu wa shule niliyoijenga upande ule wa mto, nami nilikwenda kumzika.

Niliuachia ule ukingo, nikageuka. Mama alikuwa mlangoni mwa kibanda. Deni lilikuwa limekwisha na kila mtu alikuwa amesikia, lakini hakuna aliyemwambia atoke, na mimi sikumwita. Hilo nililiacha mikononi mwake.

Alijifuta mikono kwenye kanga, akanijia mpaka karibu kabisa, akanishika kidevu na kukigeuza huku na huku kama anayekagua samaki sokoni.

"Umekonda," akasema. "Shangazi yako mwongo. Ingia ukanichukulie kigoda, twende nyumbani."

Nikaingia, nikakichukua. Tulipita katikati ya kijiji, yeye mbele na mimi nyuma na suti yangu ya kitani na kigoda cha masizi kichwani, na kabla hatujafika nyumbani watu wanne walikuwa wameniamkia.