Eda Niliyochelewa Kukaa

Shaaban ya mwaka 1992 mume wangu alitoka kisiwani kwetu Koyama, pwani ya Somalia, kwenda Kismayo kununua misumari na gunia la unga. Alikuwa fundi wa mashua, na nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na moja juu ya magogo, ubavu mmoja bado wazi. Hakurudi. Baada yake wakaja wenye bunduki, wakachukua mbao, masufuria, hata mlango. Nilipoondoka nilikuwa na khanga mbili na wifi yangu, dada wa mume wangu. Tukapita Ras Kamboni, tukaingia Kiunga, tukakaa miaka kambini karibu na Mombasa. Mwishowe tukapelekwa Marekani, mimi na yeye, katika mji wa baridi.

Muda wote huo sikujua mimi ni mke au mjane. Hakuna aliyeona maiti. Kambini walikuja watu kuniposa, nikawajibu nina mume. Wifi aliniunga mkono mbele za watu, tukiwa peke yetu akanicheka.

"Wifi, akija leo hatakutambua. Aliacha samaki mbichi, atakuta ng'onda."

Waliotupokea Marekani walikuwa watu wa kanisa. Sifichi, niliogopa. Kambini tulikuwa tukiambiwa kwamba mkate wa kanisa una ndoana ndani. Lakini ndio waliotupa magodoro na makoti. Mwanamke mmoja mtu mzima, mwalimu aliyestaafu, alitufundisha Kiingereza katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Alitufundisha pia kuvuka barabara, na kufungua dirisha kabla ya kukaanga samaki, maana mara ya kwanza wifi alipokaanga, kengele ya moshi ililia, jengo zima likatoka nje kwenye theluji, na yeye akatoka na kikaango mkononi. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa akitupitia kwa gari.

Wifi alishika lugha upesi, akapata kazi katika kiwanda cha kuku. Mimi nilikuwa mzito. Shule yangu ni chuo cha Kurani na madarasa machache ya Kisomali. Hata hivyo mwalimu alinitafutia kazi ya kufua katika hoteli, akapanga siku ya kuonana na msimamizi. Kanisa lilikuwa karibu kuacha kutulipia nyumba, na mshahara wa wifi peke yake usingetosha.

Juma hilo hilo simu ikaja. Ilikuwa ya mtu wa Chovae, kisiwa jirani na chetu, anayeishi Mombasa. Alisema alikuwa Kismayo pamoja na mume wangu. Mume wangu alipigwa risasi karibu na bandari siku moja tu baada ya kufika, akazikwa palepale ufukweni pamoja na wengine. Nikamuuliza kwa nini hakusema zamani.

"Nilidhani mwajua," akanijibu kwa Kibajuni chetu. "Kila mchu ajua."

Nikasema nitakaa eda. Wifi akampigia simu shehe mmoja wa Mombasa kumuuliza, na jibu likaja: eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku ya habari. Yangu ilikwisha zamani, nikiwa bado namsubiri marehemu. Sina ninachodaiwa.

"Umesikia?" wifi akasema. "Umetoka edani bila ya kuingia."

Nilijua shehe amesema kweli. Lakini nilikuwa kama mtu aliyefika mazikoni akakuta watu wameshatawanyika. Nikavua bangili, nikaacha wanja, nikavaa nguo nyeupe, nikajifungia chumbani. Siku ya darasa gari la kanisa lilipiga honi chini, sikushuka.

Kukaa kwenyewe sikuweza. Mama yangu alipokaa eda ya baba, wanawake waliingia kwa zamu, huyu na chungu, huyu na habari za mtaa, huyu amekuja kulala tu miguuni pake. Mimi nilikuwa na kuta na mashine ya joto inayonguruma. Nilikaa, nikasimama. Nikaenda dirishani, nikarudi. Nikafungua bomba, nikafunga. Nikaanza kusoma Yasini, na katikati nikajikuta nawaza kama alikuwa ameshanunua misumari.

Kesho yake mlango ukagongwa. Nikasikia sauti za wanaume, sikufungua. Walikuwa mwalimu, mzee wa gari, na mwangalizi wa jengo mwenye funguo. Nilivyonyamaza wakadhani nimekufa, wakafungua. Nikajifunika shuka uso mzima nikapiga kelele. Mzee naye akapiga kelele. Wifi alikuwa ngazini akirudi kutoka kazini, akaja mbio na mabuti yake ya kiwandani, akawatoa wanaume nje, akamkalisha mwalimu kitini, akamweleza.

Mwalimu alinishika mkono, akasema maneno mengi.

"Anasema Jumapili watamtaja ndugu yangu kanisani," wifi akatafsiri. "Watamwombea na kumwimbia."

"Mwambie asante, lakini hapana."

"Mwambie mwenyewe. Hapana unaijua."

Nikasema hapana kwa Kiingereza. Uso wa mwalimu ukaiva. Nikajua kazi ya hoteli imekwenda na msaada umekwenda. Lakini akauliza eda ni muda gani. Wifi akamwambia ni miezi minne na siku kumi, kisha akanitazama.

"Nimwambie na lile la shehe?"

"Mwambie."

Akamwambia. Mwalimu akafikiri, akauliza kama basi hakuna anayenilazimisha. Nikatikisa kichwa. Hakuna. Akasema hoteli haitangoja miezi minne, ila atawaomba wanisubiri mpaka Jumatatu ya juma la pili.

Wifi akacheka kwa uchungu. "Huku hata msiba una zamu."

Hoteli ikakubali. Mwalimu akawa anakuja asubuhi peke yake, ananifundisha majina ya vitu vya kufulia. Nilishika machache. Aliyenisumbua ni wifi. Kila akivaa kwenda kazini alinirushia neno.

"Wewe umeishi naye mwaka. Mimi nimetoka naye tumbo moja. Nani kaniuliza mimi?"

"Basi kaa na wewe."

"Dada ana siku tatu tu. Na zangu zilipita kama zako."

Siku moja alivaa buti moja, akakaa kizingitini na la pili mkononi. Basi lake likapita, hakuinuka. Akaanza kunieleza jinsi kaka yake alivyompiga utotoni kwa sababu alikatia kuni msumeno wake wa kazi, na jinsi alivyokuja jioni kumbembeleza kwa kipande cha halua, na halua yenyewe ameshaila nusu. Kisha akalia, kilio cha kweli, cha Koyama, cha kupiga sakafu. Nikaenda nikakaa naye. Hiyo ndiyo mara pekee katika siku zile niliyokaa bila ya kutaka kusimama.

Mwalimu alitukuta hivyo, sote wawili chini, mlango wazi. Hakufundisha. Alikaa kitini na koti lake. Baadaye akaingia jikoni akatuletea chai. Wifi akaonja, macho yamemvimba.

"Chai gani hii, wifi? Maji ya kusuuzia vikombe."

Tukacheka mpaka mwalimu naye akacheka, hajui kinachochekwa.

Jumatatu ilipofika bado nilitaka kubaki ndani. Sitasema nilikuwa nimetua, sikutua. Nilivaa nguo ya rangi, nikashuka. Hotelini msimamizi aliniuliza mambo, mengine nikafahamu, mengine nikatabasamu tu. Akanipa aproni, akanionyesha mashine, nikaanza siku hiyo hiyo. Alasiri nikamwomba kwa ishara mahali pa kusali. Akanifungulia chumba cha mataulo. Nikasali, nikamwombea mume wangu, nikarudi mashineni.