Vidonge vya Zephania

Kaka yangu Zephania wa Mhezi alikuwa mbishi kupindukia. Ndiye aliyepuliza pembe ya msaragambo, ile kazi yetu Wapare ya pamoja ya barabara na mifereji, na akijua umekacha, siku hiyo hukaliki. Nilimpenda, lakini alinichosha.

Mwaka ule wa ruksa ya biashara, maduka yalipoanza kujaa tena sabuni na dawa, tulikuwa tunang'oa jiwe barabarani. Likateleza, likamgonga ubavu wa kulia. Nikamsihi akapumzike. Thubutu! Akasema mpuliza pembe haondoki kabla ya watu wake. Basi mkewe, Yudith, akakimbilia dukani kumletea aspirini, maana zamani hata hiyo tuliikosa. Akameza vidonge kadhaa kwa uji, akashika sururu tena. Alasiri tumbo likavimba, akaanguka.

Tulimshusha kwa machela hadi hospitali, Same mjini. Daktari akampapasa, akauliza amemeza nini. Yudith akamjibu, tena kwa fahari kidogo, kama mke aliyemtunza mumewe. Daktari akatueleza taratibu: ini limepasuka, linavuja damu ndani, na aspirini inazuia damu isigande. Mpasuaji yuko Moshi. Ikipatikana sindano ya kugandisha damu, huenda akafika. Bila hiyo atatufia njiani. Stoo yao haikuwa nayo.

Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. La Zephania liliisikia, tena akaimeza.

Mimi na shemeji Yudith tukazunguka mji mzima. Maduka yamefurika redio, mitumba, biskuti, sindano hakuna. Muuza dawa wa mwisho, Salimu, alipekua mpaka chini ya kaunta, maskini, akasema alichonacho tele ni aspirini. Nilitaka kumtukana, lakini kosa lake lipi? Nikalia palepale dukani, mtu mzima na ndevu zangu.

Tuliporudi, midomo ya Zephania ilikuwa imepauka, jasho jembamba linamtoka. Akamtafuta mkewe kwa macho.

"Mama Agape, vile vidonge vimebaki? Vilinisaidia sana."

Yudith akashika pindo la khanga, pale alipokuwa amevifunga.

"Vimekwisha, Baba Agape."

"Basi, usihangaike," akasema.

Tangu tuzaliwe sikuwahi kumwona kaka yangu akikubali jambo bila kubisha.