Kibao Shingoni mwa Madam

Asubuhi watoto waliniita madam, mchana wakaniita ticha. Kazi ilikuwa ile ile, kufundisha Kiingereza, lakini nilikuwa watu wawili.

Madam nilikuwa kwenye shule binafsi ya msingi huko Tangini, Kibaha, shule ya tai na soksi za magotini, ambako hata mtoto akipiga chafya wenzake wanamwombea kwa Kiingereza. Ticha nilikuwa Maili Moja, kwenye chumba cha tuisheni nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Huko walikuja watoto wa shule za serikali baada ya masomo, na vumbi lao, wakabanana watano kwenye benchi moja. Tukijifunza Kiingereza cha nondo, tunatoka nje tunaishika nondo yenyewe.

Mimi ni wa kidato cha nne tu, mtoto wa Kisarawe. Kiingereza nilikiokota redioni na kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Lakini ndoto nilikuwa nazo, jamani! Nilisema nitafundisha mpaka nje ya nchi, nije likizo na begi la magurudumu, watu wa kwetu waniulize huko baridi ikoje. Mama aliamini yote. Nilipopata nafasi Kibaha, kusaidia darasa la kwanza kwa majaribio ya muhula mmoja, akatangaza kila nyumba kwamba safari imeanza. "Ameshafika Kibaha," aliwaambia, kama vile ndege zinapaa kutokea pale.

Muhula ukiisha, mwalimu mkuu angeamua: ama nipewe darasa langu mwenyewe, ama niage. Nililitaka lile darasa mpaka nikawa naliota, na chaki mkononi.

Kitu ambacho sikukitegemea ni ukimya. Walimu wenzangu wengi walitoka nchi jirani, Kiingereza chao kilitiririka kama maji ya bomba. Ofisini walitaniana, na utani ukinifikia mimi ulikuwa umeshapoa. Nilikuwa na Kiingereza cha kufundishia: rangi, siku za wiki, kitu kiko juu au chini ya meza. Cha kumwambia mtu nimeamka mnyonge na sijui kwa nini, sikuwa nacho. Basi nikawa natabasamu. Unaweza kutabasamu muhula mzima na watu wakaamini uko salama.

Halafu kulikuwa na kibao. Kipande cha ubao, rangi nyekundu, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani. Anayenaswa akisema Kiswahili ndani ya uzio anavalishwa, na hakivui mpaka amnase mwingine. Atakayekutwa nacho kwenye kengele ya mwisho anasimama mbele ya mstari, shule nzima ikimtazama. Siku moja mwalimu mkuu, mama mcheshi wala si mkali, alitangaza kwamba sheria haichagui: hata mwalimu, hata yeye mwenyewe. Watoto walishangilia hadi kunguru wakaruka. Tangu siku hiyo wakawa wanatutega kama panya.

Darasani kwangu kulikuwa na binti mdogo wa bweni, wa familia ya wafugaji waliohamia Gwata kutoka kaskazini. Siku zake za mwanzo alikivaa kibao mpaka shingo ikakizoea, maana hakujua namna ya kumnasa mtu. Baadaye akapata dawa yake: akanyamaza. Si Kiingereza, si Kiswahili. Ukimuuliza jambo anajibu kwa nyusi. Wakati wa mapumziko alikuja kukaa na mimi kwenye ngazi za tenki la maji, mimi na tabasamu langu, yeye na nyusi zake, tukigawana kashata. Sijui nani alikuwa anamtunza mwenzake.

Masomo yakiisha nakimbilia Maili Moja. Kabla sijaingia mlangoni nasikia kelele.

"Ticha umechelewa! Tushaanza kujifundisha wenyewe!"

"Mmejifundisha nini?"

"Kumsema ticha!"

Huko nilicheka kwa sauti yangu. Tulianza kwa Kiswahili, kisha tukaingia Kiingereza kama watu wanaovuka mto wameshikana mikono. Walikosea kwa kelele, wakarekebishana kwa kelele. Watoto wa Tangini walijua mengi zaidi, lakini walikosea kwa siri. Ila magharibi ikikaribia kila mmoja alichomoka kwenda kwao, mwenye duka akavuta mlango wake wa bati, na mimi nikarudi kwenye chumba changu cha kupanga, ukuta kwa ukuta na shule, kupika wali wa mtu mmoja. Wali wa mtu mmoja hauivi vizuri. Ama unaungua, ama unabaki na kiini.

Wiki ya mwisho ya majaribio, wakati wa mapumziko, mama akatokea. Hakuwa ameniambia. Alipata lifti ya gari la mananasi, na kichwani alikuwa na fenesi zima limefungwa kwenye kanga. Mlinzi alimkaribisha vizuri tu, maana getini Kiswahili kilikuwa halali. Sheria ilianzia kwenye bustani ya maua. Mama akaipita bustani.

Watoto waliacha mpira, wakatuzunguka. Mwalimu mkuu alikuwa barazani na kikombe chake cha chai.

Mama akasimama mbele yangu, akasubiri. Kwetu mzazi hamwanzi mtoto kumsalimia. Anasimama tu mpaka shikamoo yake imfikie. Nikampokea fenesi. Nikatabasamu. Akazidi kusubiri.

"We mwana," akasema, "Kibaha wamekung'oa ulimi?"

Nyuma yangu watoto walikuwa wameshikilia pumzi. Nikakipekua Kiingereza changu chote, salamu za asubuhi na za mchana na za kuulizana hali. Hakuna hata moja niliyoweza kumpa mama yangu amesimama juani na jasho la fenesi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba! Haya, sasa nimefika."

Uwanja ulilipuka. Mvulana wa darasa la tatu aliyekuwa na kibao alikuja mbio, nikainama, akanivalisha kwa mikono miwili kama anayenivisha shada. Mama akakishika, akakigeuza.

"Zawadi hii? Umeshinda nini?"

"Nimekuwa wa kwanza, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, na machozi yakamlengalenga. Hakukaa. Dereva wa mananasi alikuwa anapiga honi.

Nilishinda na kibao kifuani. Watoto walikuwa makini siku hiyo kuliko siku zote. Hakuna aliyeteleza, walitaka kuona madam amesimama mstarini. Kengele ya mwisho ilipokaribia, yule binti wa Gwata alikuja mpaka nilipokuwa, mbele ya wenzake wote.

"Pole, madam," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza kulisikia kwake tangu aliponyamaza. Alilisema kwa nguvu, kila mtu alisikia, na alikuwa ameshainamisha shingo.

Wenzake wakaruka kwa Kiingereza: amesema, mvalishe! Mwalimu mkuu naye alikuwa anatazama. Nikamnyoosha kola, nikamwinua kidevu, nikasema kwa Kiingereza changu kile cha rangi na siku za wiki kwamba sikusikia kitu. Nikaenda kusimama mstarini mwenyewe.

Ijumaa mwalimu mkuu aliniita. Alizungumza polepole ili nimwelewe, na hilo liliniuma kuliko maneno yenyewe. Kumsalimia mama, alisema, lilikuwa jambo la kucheka, likaisha. Lakini nilisikia na nikajifanya sikusikia, na watoto wote waliona. Darasa la kwanza atapewa mwingine. Nilimshukuru. Nikamrudishia kibao, shingo yangu ikabaki inawasha kwa ile katani.

Sasa mimi ni ticha tu. Mama bado anawaambia watu nimefika Kibaha, na mimi simkatalii, kwani si niko Kibaha? Begi la magurudumu bado naliota. Asubuhi ndizo ndefu, kwa sababu tuisheni haianzi mpaka mchana na sina wa kuongea naye. Nakaa na chai yangu, nasikia upande wa pili wa ukuta darasa la kwanza wanaimba shairi la Kiingereza nililowafundisha mimi. Wanaimba pamoja, haraka haraka, isipokuwa sauti moja nyembamba inayobaki nyuma neno moja. Wenzake wakishamaliza, yenyewe bado inalitamka la mwisho. Naacha kukoroga chai mpaka ifike.