Nasadiki ya Bi Evanthia

Asimina, jirani wa ukuta mmoja na Bi Evanthia, aliapa kwamba bibi huyo amemchinjia Artemi, mungu wa kike wa uwindaji, jogoo uani kwake. "Na wewe Lemonia ndiye unayetaka akusimamie mtoto ubatizo," aliongeza, huku akimfinya mtoto mashavu. "Shauri yako, shoga. Atakurudishia mwindaji, si Mkristo."

Lemonia alicheka, lakini moyo haukutulia. Ubatizo ulikuwa Jumapili, lozi za sukari za kugawia wageni zimeshafungwa kwenye vitambaa, na mama wa ubatizo mwingine hakumtaka. Lemonia alipolazwa hospitali wiki tatu kabla ya kujifungua, ni Bi Evanthia aliyepanda basi kila siku na sufuria ya supu mapajani. Padri Anargyros naye alishasema: huyo bibi ataisema Nasadiki, kanuni ya imani, mbele ya watu wote, bila kitabu, la sivyo atafutwe mwingine.

Ya jogoo Lemonia hakuyaamini. Bi Evanthia alinunua kuku aliyekwisha kukatwa vipande, na mumewe Asimina alipomletea sungura wa porini anayechuruzika damu, alikaa kwenye ngazi akaomba maji asizimie. Bibi alikuwa karani wa posta. Alipostaafu akaandika riwaya juu ya wanawake wa siku hizi wanaomwabudu Artemi, mungu huyo wa Wagiriki wa kale, kwenye magofu ya hekalu lake huko Vravrona. Sala zao alizitunga mwenyewe, mezani jikoni, maharage yakichemka. Sasa wasomaji walimjia kutoka Athene, wakaomba awasomee sala hizo, wakalia, kisha wakauliza zina miaka elfu ngapi. Yeye aliwatilia kahawa. Kuwaambia ukweli aliona vibaya, baada ya safari yote ile.

Alhamisi Lemonia akaenda, mtoto begani, akamwuliza kama Nasadiki anaijua. Bi Evanthia alinuna. Baba yake alikuwa mwimbaji wa kanisa. Aliijua kabla hajajua kufunga viatu. Akasimama, akafanya ishara ya msalaba, akaanza vizuri kabisa. Alipofika kwenye "Muumba wa mbingu na nchi" hakusita, akaendelea, "na wa msitu, na wa upinde wa fedha..."

Akajikatiza. Akaanza upya. Palepale kwenye mbingu na nchi, akatokea kulungu wa zile sala alizozitunga jikoni.

Lemonia alitaka kucheka, lakini bibi alikuwa anamtazama miguuni.

"Miaka kumi nawasomea wale watu," alisema. "Jumapili simama hapa kushoto kwangu, mwanangu. Vaa vile viatu vyako vya kisigino. Ukisikia tu 'mbingu na nchi', nikanyage."